Kuja kwa Tito: Faraja ya Mungu katika Siku za Kawaida na Mabadiliko ya Maisha

(Hotuba iliyosomwa na mchungaji mstaafu, mzaliwa wa usharika huu, siku ya tatu ya Juma la Jubilei ya miaka 100, mbele ya washarika na wageni kutoka Dayosisi.)



Kamati ya Jubilei ilinipa mada ndefu kidogo, yaani imani na faraja ya Kikristo katika maisha ya kila siku na katika mabadiliko ya maisha. Wasemaji walionitangulia wamesimulia habari za majengo, shule, zahanati na kwaya. Wamefanya vema, kwa maana mawe ya kanisa hili yalibebwa kichwani kutoka mtoni, na waliobeba wanastahili kukumbukwa. Mimi nimeachiwa mambo ambayo hayaandikwi katika mihtasari ya vikao: siku ya Jumatatu, jikoni, njia ya kwenda mferejini, mwezi wa pili baada ya msiba. Nimeipokea kazi hii kwa furaha. Kama ingewezekana kupima ni kitu gani kilichoishika imani ya watu wa hapa kwa muda wa miaka mia moja, nadhani mambo hayo madogo yangekuwa na uzito kuliko mikutano yetu yote, pamoja na hii ya leo.

Neno ninaloliweka mbele yenu linatoka katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 7, mstari wa 5 hadi wa 7. Mtume Paulo anaeleza hali yake alipofika Makedonia. Mwili wake haukupata raha hata kidogo. Nje kulikuwa na mapigano na ndani ya moyo kulikuwa na hofu. Tena ukirudi nyuma mpaka sura ya 2 utaona kwamba kabla ya hapo alikuwa Troa, na huko mlango wa kuihubiri Injili ulikuwa umekwisha kufunguliwa. Mhubiri gani anaacha mlango uliofunguliwa? Paulo aliuacha. Sababu anaitaja bila kuona haya: hakumkuta Tito ndugu yake, na roho yake ikakosa utulivu.

Baadaye anasema kwamba Mungu, ambaye desturi yake ni kuwafariji walioinama, alimfariji. Alimfariji kwa njia gani? Tungetazamia maono. Paulo hakuwa mgeni wa maono. Katika waraka huu huu, sura ya 12, anagusia jinsi alivyochukuliwa mpaka mbingu ya tatu. Lakini huko Makedonia mbingu hazikufunguka, wala malaika hakusimama kando ya kitanda chake. Mungu alimfariji kwa kuja kwake Tito. Ndivyo ilivyoandikwa, na hakuna zaidi ya hapo. Mtu mmoja aliyechoka na safari, mwenye vumbi miguuni na habari za Korintho mdomoni, alibisha hodi, naye mtume wa mataifa akapata nafuu.

Tulipokuwa Chuo cha Theolojia Makumira tulifundishwa kwamba neno la Kiyunani parakaleo, kwa asili yake, ni kumwita mtu aje kando yako. Kiswahili chetu kimeligawa neno hilo katika mafungu: mara tunasema kufariji, mara kutia moyo, mara kuonya, mara kusihi. Kwa Kiyunani ni neno moja tu, na kutoka shina hilo hilo limetoka jina ambalo Bwana Yesu anampa Roho Mtakatifu katika Injili ya Yohana, ambalo Biblia yetu imelitafsiri Msaidizi. Kwa hiyo ninaposema faraja leo, msifikirie maneno matamu. Fikirini mtu aliyekuja akakaa kando.

Baba yetu Luther aliyajua haya kwa mwili wake. Mwezi wa Julai mwaka 1527 aliugua ghafla, mwili na roho pamoja, akadhani kwamba anakufa. Bugenhagen, mchungaji wa Wittenberg, akaitwa kando ya kitanda chake. Haukupita muda tauni ikaingia mjini. Wengi walihama, lakini Luther na mkewe Katharina, aliyekuwa mja mzito, walibaki, nyumba yao ikajaa wagonjwa, naye Bugenhagen na jamaa yake wakahamia humo. Luther, ambaye maandiko yake yalisomwa Ulaya nzima, katika miezi ile alihitaji mtu wa kukaa naye chumbani na kumwambia msamaha wa dhambi kwa sauti ya mwanadamu, maana sauti ya moyo wake mwenyewe ilikuwa inamshitaki.

Naamini ndiyo sababu alipoziandika zile Makala kwa ajili ya mkutano wa Schmalkalden wa mwaka 1537, aliandika jambo ambalo msomaji wa haraka hulipita. Anaeleza njia ambazo Injili hutujia nazo. Anataja neno linalohubiriwa. Anataja Ubatizo, halafu Sakramenti ya Altare, halafu mamlaka ya funguo, yaani maondoleo ya dhambi. Hapo tungedhani amemaliza. Lakini anaongeza ya tano: mazungumzo ya ndugu kwa ndugu na kufarijiana kwao. Ameyaweka katika orodha moja na mahubiri na sakramenti! Sisi Walutheri tunazijua zile nne za kwanza hata usingizini, na watoto wetu wa Kipaimara wanazikariri. Hii ya tano tumeifungia kabatini, na ufunguo sijui yuko nao nani.

Wazee waliotuanzishia usharika huu hawakuifungia, na hapa naomba nirudi nyuma kidogo katika historia. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, mwaka 1920, waliondolewa nchini na utawala wa Waingereza. Sharika za mlima huu zikabaki, kwa sehemu kubwa, mikononi mwa walimu na wazee wenyeji. Walikuwa watu wa elimu ya miaka michache na vitabu vichache, nao hawakuwa wamewekewa mikono. Usharika wetu ni mtoto wa kizazi hicho. Watu wale walikuwa na Katekisimo Ndogo na miguu. Walipita kihamba kwa kihamba. Walijua nani amejifungua, nani amegombana na nduguye juu ya mpaka, nani hajaonekana mferejini kwa siku mbili. Vita ya Pili ilipozuka mwaka 1939 na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa tena, mlima ulikuwa na watu waliokwisha kuzoea kazi hiyo.

Mmoja aliyeiona nguvu ya jambo hili ni Bruno Gutmann, aliyefika nchini mwaka 1902 na kufanya kazi miaka mingi Moshi ya Kale, hata akaondoka mara ya mwisho mwaka 1938. Alifundisha kwamba ukoo, ujirani na rika ni kamba ambazo Mungu alikwisha kuzisokota kabla mmisionari hajafika, na kwamba usharika ujengwe juu ya kamba hizo, usizikate. Hata vijana wa Kipaimara aliwaweka katika vikundi vidogo ili waangaliane. Mimi sikubaliani naye katika kila jambo. Aliuogopa mji kupita kiasi, na pengine alitupenda zaidi tukiwa jinsi tulivyokuwa kuliko jinsi tulivyotaka kuwa. Lakini katika neno hili la jirani aliona mbali, kuliko wengine waliokuja na mipango mikubwa.

Sasa tushuke kwenye maisha yenyewe.

Katika usharika mmoja wa ukanda wa chini, ambako nilihudumu zamani, alifariki baba mmoja seremala. Mazishi yalikuwa makubwa. Zilikuja kwaya tatu, na salamu za rambirambi zilitukalisha juani mpaka saa kumi. Siku ya tatu turubai likafunguliwa, viti vya kukodi vikarudishwa, masufuria yakaoshwa, magari yakashuka. Ninyi nyote mnajua jinsi nyumba inavyonyamaza saa ile. Baada ya miezi kadhaa nilimtembelea mjane wake, nikamwuliza ni neno gani la siku ya mazishi lililomsaidia. Mchungaji hupenda kujua. Alinyamaza kwanza kwa heshima, kisha akasema, "Mchungaji, siku ile sikusikia kitu. Lakini mzee wa mtaa wetu anakuja kila Alhamisi jioni."

Nikamwuliza anakuja kufanya nini. "Anafunga ng'ombe."

Ng'ombe yule alikuwa na tabia ya kupiga teke, na aliyemweza alikuwa marehemu peke yake. Majirani wengine walisaidiana siku nyingine, na Alhamisi ilikuwa zamu ya mzee huyu. Akija anamfunga ng'ombe, anakata majani, ananawa mikono, anaingia, anakunywa chai ikiwapo. Anasoma Zaburi moja na kuomba sala fupi, halafu anachukua fimbo yake na kwenda zake. Yule mama akaniambia neno ambalo nimelibeba tangu siku hiyo. Alisema, "Alhamisi za kwanza nilikuwa nimemkasirikia Mungu, Zaburi sikutaka kuisikia. Lakini ng'ombe alikuwa amekwisha kufungwa."

Wapendwa, nimesoma vitabu kadhaa juu ya uchungaji wa wafiwa, na vingine ni vizuri. Sijapata katika kitabu chochote maelezo bora kuliko hayo. Mtu aliyeinama hawezi kila mara kuinua uso alitazame Neno. Inabidi Neno liiname lilipo. Mnakumbuka Eliya chini ya mretemu, katika 1 Wafalme 19, alipoomba afe. Kabla ya sauti ile ndogo ya utulivu kule Horebu, Mungu alimpa usingizi, mkate uliookwa juu ya makaa, na chupa ya maji. Tena alimpa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza Eliya alikula akalala tena. Malaika hakumkemea kwa kulala. Alipika tena.

Nilipokuwa kijana, mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita ya Kagera, sukari na sabuni viliadimika nchini. Wenye umri wangu wanacheka, lakini wakati ule hatukucheka. Mama yangu alipata siku moja mche mmoja wa sabuni kwenye duka la ushirika baada ya kusimama foleni tangu alfajiri. Alifika nyumbani, akachukua uzi, akaukata mche ule vipande vinne, akanituma nivipeleke vitatu kwa majirani. Mmoja wao walikuwa hawasalimiani tangu mavuno ya mwaka uliopita. Nilimkumbusha. Akasema, "Peleka." Nikapeleka. Sikumbuki kama walipatanishwa kwa jani la isale na maneno ya wazee, kama ilivyo desturi yetu, au kama hapakuwa na kikao chochote. Nakumbuka tu kwamba jioni ile nilirudishwa na mkungu wa ndizi, na ulikuwa mzito.

Ninyi vijana mnaweza kusema kwamba hayo yalikuwa maisha ya zamani, watu walikuwa karibu kwa sababu walikuwa maskini pamoja. Kuna ukweli. Kwa hiyo lazima tuseme wazi juu ya badiliko lililoupata mlima huu. Tangu KNCU ilipoanzishwa mwaka 1933, na hata kabla yake, kahawa ndiyo iliyosomesha na kuezeka, na sadaka nyingi za mavuno zilizotajwa juma hili zilitoka kwenye kahawa. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa ya mgawo wa kahawa yalivunjika, bei ikaanguka. Baba aliyeheshimiwa kwa shamba lake akajikuta hawezi kulipa ada kwa shamba lile lile. Wengine waliing'oa miti ambayo baba zao waliipanda. Wana wakashuka Moshi, Arusha, Dar es Salaam, na wengine wakavuka bahari. Hawakufanya kosa. Abrahamu naye alihama, na Yakobo, na Ruthu. Lakini kila anayehama huacha kiti.

Ndiyo maana mwaka wetu una miezi miwili ya ajabu. Desemba magari hupanda mlima usiku na mchana, kila ua huwashwa taa, mbuzi huchinjwa, wajukuu wanaojua Kichagga cha kusalimia tu hukimbia migombani, na kanisa hili huwa dogo siku ya Krismasi hata watu husikilizia madirishani. Halafu inakuja Januari. Nimezitembelea nyumba katika juma la pili la Januari. Nyumba nzuri, ya vigae, yenye vyumba vitano, na ndani yake bibi mmoja mwenye miaka themanini na kitu. Bado kuna soda nusu kreti. Picha za wajukuu ziko ukutani. Anakaribisha vizuri, anacheka, anakupa habari za kila mmoja. Ukisimama kuondoka anakusindikiza mpaka njiani, na hapo njiani anakumbuka jambo jingine, halafu jingine, halafu jingine. Mchungaji mwenye haraka hudhani kikongwe huyu anapenda maneno. Anaahirisha tu saa ya kurudi ndani.

Watoto wake wanampenda. Wanatuma fedha kwa simu, wanampigia kila Jumapili, wamemwajiri msichana wa kazi. Siidharau simu, kwa wengi imekuwa neema kubwa, na Paulo angekuwa nayo angeitumia, maana alituma nyaraka kwa bidii. Lakini mnaufahamu Waraka wa Tatu wa Yohana, ule mfupi unaosahaulika. Yule mzee anamwambia Gayo kwamba ana mengi ya kuandika, ila hapendi kuyaandika kwa wino na kalamu. Anatumaini kumwona upesi, waongee uso kwa uso. Yohana alijua kwamba wino una mwisho wake. Simu nayo ina mwisho wake. Haishiki mkono, wala haioni kwamba dawa za presha za mwezi uliopita zingali zimejaa katika chupa.

Naomba niseme jambo zito, na nitalisema kwa upole. Tarehe 1 Februari mwaka 2020, hapa Moshi mjini, katika uwanja wa Majengo, watu 20 walifariki katika msongamano wa kukimbilia kukanyaga mafuta yaliyosemwa kuwa ni ya upako. Baada ya msiba ule nilisikia wachungaji na wazee wengi wakilaumu mafundisho. Mafundisho yana haki ya kulaumiwa, nami nina maoni yangu kama Mlutheri juu ya mafuta na maji na vitambaa. Lakini swali lililonisumbua lilikuwa lingine. Watu wale walikwenda pale wakiwa na nini mioyoni? Mtu haendi kusongamana jioni katika umati kwa sababu maisha yake ni mepesi. Anakwenda na ugonjwa usiotajika, na mtoto aliyepotea, na deni. Katika umati kama ule huenda walikuwamo hata Walutheri waliobatizwa na kupata Kipaimara. Kama wapo, je, kabla ya kulitafuta lile tone la mafuta, nani aliwabishia hodi? Nani aliwauliza? Mwenye njaa ya Tito asipomwona Tito atakwenda popote anapoambiwa kwamba faraja inagawiwa, na hatuna ruhusa ya kumcheka.

Nitoe mfano wa kijana, ili isionekane kwamba faraja ni ya wazee na wajane tu. Kijana mmoja wa mtaa wa juu alipunguzwa kazi Dar es Salaam, akarudi nyumbani na begi moja. Ninyi mnajua jinsi mlima huu unavyomtazama kijana anayerudi na begi moja. Alianza kukaa kiti cha nyuma kabisa kanisani, karibu na mlango, akitoka kabla ya baraka ili asisalimiane na mtu. Mwalimu wa kwaya hakumfuata kwa mashauri. Jumapili ya tatu alimtuma mtoto na daftari la nyimbo, na ujumbe wa maneno machache, kwamba sauti ya nne wamebaki watatu na Pasaka inakaribia. Kijana alikaa na lile daftari juma zima. Jumapili iliyofuata alisimama nyuma ya wale watatu. Kazi aliipata baadaye sana, wala si ile aliyoitaka. Lakini mwenyewe husema kwamba alipona siku alipoambiwa kwamba kuna pengo lenye ukubwa wake.

Na mimi mwenyewe nilistaafu. Kwa zaidi ya miaka thelathini niliamshwa alfajiri kwa hodi na kwa simu: mgonjwa, msiba, ndoa yenye moto. Juma la kwanza la kustaafu simu ililala mezani kama jiwe. Wachungaji wastaafu mliomo humu mnanielewa. Mtu anagundua kwamba amekuwa akisali hasa kwa ajili ya kazi, na sasa kazi haipo, je, atasali nini? Aliyenijia ni jirani yangu, naye ni Mkatoliki. Alikuja Jumamosi asubuhi na mkasi wa kupogolea, akazunguka kihamba changu kimya, kisha akasema, "Mchungaji, kahawa zako zina matawi kama hazina mwenyewe." Tukapogoa mpaka adhuhuri. Akaja na Jumamosi iliyofuata. Alinifundisha kulitambua tawi linalokula bure na tawi litakalozaa, nami nilikuwa nimeihubiri Yohana 15 labda mara ishirini bila kushika mkasi. Hatukuzungumza theolojia. Katika Jumamosi ya nne au ya tano niligundua kwamba asubuhi nilikuwa nimeomba, kwa furaha, bila ratiba yoyote ya ibada mbele yangu.

Wageni wetu kutoka mbali huwa wanashangaa kuuona mnada baada ya ibada, na wengine wetu wasomi wanauonea haya: mayai, ndizi, mua, jogoo aliyefungwa miguu, na mzee wa kanisa akinadi kwa utani. Mimi naomba usifutwe. Hapo mlangoni ndipo watu wanapotazamana. Aliyeleta mayai sita anaonekana ameleta, na asiyekuja Jumapili mbili anaulizwa. Nimeona mtu akinunua mkungu kwa bei ya kushangaza na kumbebesha yule yule mama aliyeuleta, kwa kuwa alijua kwamba alitoa wa mwisho. Mwaka 2020, wakati wa korona, tulipoacha kushikana mikono na kunawa kwa ndoo pale mlangoni, ibada ziliendelea, tukamshukuru Mungu. Hata hivyo washarika wengi waliniambia kwamba walirudi nyumbani wakiwa na njaa wasiyoijua jina. Nadhani ilikuwa ile njia ya tano ya Luther.

Mabadiliko mengine nayapita haraka. Ndoa na uzazi vina watu wengi wa kuvisherehekea, havihitaji hotuba yangu. Ila nitaje mmoja tunayemwacha: kijana aliyetoka kupata Kipaimara au kumaliza shule, anayeondoka kwenda mjini. Tunamfanyia sherehe, tunampigia picha, tunampa Biblia. Barua ya utambulisho kwa usharika wa huko aendako hatumpi, au tunampa anaiweka begini, na kati ya usharika unaomtoa na usharika usiojua kwamba amefika anapotea. Onesiforo, asema 2 Timotheo 1, alipokuwa Roma alimtafuta Paulo kwa bidii mpaka akampata. Roma ulikuwa mji mkubwa. Dar es Salaam nao ni mkubwa, na washarika wetu walioko huko ni wengi. Mlioko hapa leo kutoka Dar es Salaam, mwenye barua anaweza asiwatafute. Mtafuteni ninyi.

Nimeambiwa dakika zangu zimebaki chache, na mama zetu wameshaandaa chai. Katika kumbukumbu za Jubilei tumeandika mnara wa kengele, paa jipya na ukuta wa makaburi. Kwa idhini ya Mchungaji Kiongozi na Baraza la Wazee, kimeongezwa kitu kimoja kisicho na gharama. Ni daftari la kurasa tisini na sita. Wazee wa mitaa wameandika humo, mtaa kwa mtaa, majina ya wanaoishi peke yao, wagonjwa wa muda mrefu, waliofiwa tangu mwaka jana, waliorudi kutoka mjini, na vijana walioondoka pamoja na mahali walikokwenda. Kando ya kila jina kuna mstari mtupu wa jina la atakayekwenda, na siku ya juma. Haiulizwi sadaka wala cheo, wala si lazima ujue kuomba kwa maneno mengi. Daftari liko juu ya meza ya katibu, pale kwenye mlango wa magharibi, na kalamu imefungwa kwa uzi isipotee. Nilipopita asubuhi, mtaa wa juu ulikuwa na mistari kumi na mmoja iliyo wazi. Jumanne nimeichukua mimi.